Kucha za Doto

Constantine, mpima damu wa kliniki, alilisema mbele ya akina mama waliokaa kwenye benchi na watoto wao, na hakushusha sauti.

"Kuna familia zinachukua dawa hapa, halafu wanaziuza. Sisemi nani. Lakini damu haidanganyi."

Mkononi alikuwa na majibu ya damu ya mdogo wangu Kulwa, na macho yake yalikuwa kwangu.

Nilisimama. Mimi ni Masunga wa Shigela, naendesha bodaboda hapa hapa Somanda, mjini Bariadi, na watu wananijua kwamba tusi huwa silimezi.

"Taja jina," nikamwambia. "Usinizunguke kama fisi anavyozunguka zizi. Sema, Masunga anauza dawa ya mtoto. Sema nikusikie."

"Kaka, mimi nimeongea kwa ujumla tu."

"Kwa ujumla huku unanitazama mimi? Na mimi si kaka yako."

Mama mmoja kwenye benchi akamnong'oneza mwenzake, "Leo tutakula bila kupika." Wakacheka. Kulwa akanivuta shati. Ana miaka minane lakini ukimtazama utadhani ana mitano, shingo nyembamba, macho makubwa yenye umanjano. "Kaka, twende kwa Daktari," akasema. "Huyu hana neno."

Nilimsikiliza yeye, si Constantine.

Ili mtu aelewe kwa nini damu ilinichemka, lazima ajue tulikotoka. Kulwa amezaliwa na selimundu. Kabla hatujalijua jina hilo, tulichojua ni mtoto anayelia mifupa. Baridi ikiingia mwezi wa sita, analia. Akinyeshewa, analia. Mikono na miguu inavimba, analala mgongoni mwa mama huku anang'ata kanga. Tulimpeleka kwa waganga, akachanjwa chale. Tulimpeleka kwenye maombi, akawekewa mikono. Shangazi zangu walikaa kikao wakaamua kwamba mkosi umetoka upande wa mama, ukoo wa Nyanjige, na mama yangu akawa anakula peke yake jikoni kwenye nyumba aliyoijenga kwa kuuza samaki.

Kisha akaja Daktari Specioza, Mhaya wa Muleba, na watafiti wenzake. Wakapanga nyumba Somanda, wakaanza kupima watoto. Tone moja tu kwenye ncha ya kidole. Alipopata majibu alikuja nyumbani, akaomba mundu tunaokatia mpunga, akawaita shangazi zangu wote. "Chembe za damu za mtu ni za mviringo," akasema, "zinapita kwenye mishipa kama maharage kwenye mrija. Za Kulwa zinajikunja hivi, kama huu mundu. Zinanasana, zinaziba, na pale zilipoziba ndipo anapolia. Na ugonjwa huu mtoto hapewi na mama peke yake. Nusu inatoka kwa mama, nusu kwa baba. Lazima zikutane."

Shangazi mkubwa akauliza, "Nusu kwa Shigela?"

"Nusu kwa Shigela."

Shangazi akakohoa, akaaga kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa. Jioni ile mama alikula uani, katikati ya watu. Hata kama Daktari Specioza asingeongeza kitu kingine maishani mwake, kwangu mimi angekuwa amekwisha kutenda ya kutosha.

Lakini aliongeza. Dawa yenyewe haikuwa ngeni duniani, alituambia. Walichokuwa wanatafuta ni kipimo chake kinachowafaa watoto wa huku kwetu, wenye malaria yetu na chakula chetu. Kidonge kimoja chekundu kila siku, na damu kupimwa kila baada ya muda. Watoto wengine waliokuwa kwenye utafiti walianza kunenepa, wakarudi shule. Kulwa alipata nafuu kidogo, kisha akasimama hapo hapo.

Basi tukaingia kwa Daktari. Alikuwa amemsikia Constantine kupitia mlangoni, kwa sababu alianza na hilo.

"Nitaongea na Constantine. Kaa, Masunga. Hasira yako naiheshimu, ila haishushi wala haipandishi damu ya mtu."

Nikakaa.

"Mdogo wako anakunywa dawa. Angekuwa hanywi kabisa, ningeona. Dawa hii inanenepesha chembe za damu, na zake zimenenepa kidogo. Ila ni kidogo mno. Ni kama inayoingia si yote. Anatapika?"

"Hatapiki."

"Nani anampa?"

"Bibi. Mayu, yaani mama, anatoka alfajiri kufuata samaki Lamadi, baba yuko na ng'ombe upande wa Meatu. Bibi Kabula ndiye anayempa, pamoja na uji. Bibi hasahau kitu, Daktari. Anakumbuka hata ndama aliyezaliwa kabla ya mimi."

Akageukia Kulwa. "Unakunywa dawa kila siku?"

"Kila siku," Kulwa akasema.

Daktari akazungusha kalamu. "Nina njia mbili, na zote sizipendi. Nikimwongezea kipimo bila kujua sababu, naweza kumuumiza. Nisipomwongezea, damu ikabaki hivi, wenzangu watasema dawa hii haimfai, na watamtoa. Nataka kuja nyumbani leo."

Kumtoa. Neno hilo nilitoka nalo hadi kwenye pikipiki. Nikampakia Kulwa mbele yangu badala ya nyuma, na barabara yote ya Lamadi niliendesha kwa mkono mmoja, mwingine nimemshika kifuani.

Gari la utafiti lilifika nyuma yetu. Pamba ilikuwa imeanikwa uani kote, nyeupe hadi ua wa minyaa, na Bibi Kabula amekaa katikati yake akichambua ile chafu. Constantine alishuka pia, na boksi la vifaa. Nilimwangalia, akaangalia minyaa.

"Mwadila, Bibi," Daktari akasalimia. Alikuwa amejifunza salamu zetu, na hakuwa na aibu ya kukosea.

"Mwadila, binti wa ndizi! Karibu. Leo umekuja kula ugali?"

"Nimekuja kukuona, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Doto! Leta viti. Leta maji wageni wanawe."

Doto akatoka ndani akikimbia, kigoda kichwani na jagi mkononi. Ndiye pacha wa Kulwa. Walizaliwa siku moja, kitanda kimoja, lakini Doto hana selimundu; ugonjwa ulimpita pembeni. Ni mrefu kumzidi dada yake kwa kichwa kizima, na mdomo wake haufungi. Siku hiyo hakuongea sana. Alimwinamia Daktari, akamimina maji.

Daktari alinawa. Kisha, badala ya kujifuta, akamshika Doto mkono, akaugeuza, akauinua kwenye mwanga.

"Kucha zako umepaka nini?"

"Hamna."

Nami nikatazama. Kwenye kila ukucha kulikuwa na mistari myeusi, imenyooka toka kwenye nyama hadi nchani, kama iliyochorwa kwa wino. Nilikuwa naishi naye nyumba moja lakini sikuwa nimeiona. Daktari akamwita Kulwa, akaweka mkono wa Kulwa kando ya wa Doto. Mistari ile ile.

"Umeona?" Bibi akasema kwa furaha, akiweka pamba chini. Bibi huongea Kisukuma, na mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria Daktari. "Zamani watu walikuwa wanakataa kwamba hawa ni mapacha. Mmoja nyama, mmoja mifupa. Sasa wameanza kufanana hadi kucha. Dawa yako ni nzuri, ng'wanone, mwanangu. Wabeja, asante sana."

Nilitafsiri nusu ya kwanza, ulimi ukanigoma. Daktari hakuhitaji iliyobaki.

"Dawa ipi, Bibi?"

"Si ile nyekundu uliyotupa!" Bibi akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa chupa ya dawa na wembe uliofungwa kitambaani. Akatoa kidonge kimoja, akakiweka juu ya kitambaa, akakikata katikati kwa uangalifu wa mtu anayegawa urithi. "Upande hauzidi upande. Nusu Kulwa, nusu Doto. Kila siku, kama ulivyosema. Sijaruka."

Kuku walikuwa wanaparua kwenye pamba na hakuna aliyewafukuza.

Kwetu, asiyejua nimwambie, pacha hapewi kitu mwenzake akiangalia. Ukimnunulia Kulwa kandambili, unanunua jozi mbili. Doto alipojikata mguu kwa jembe akafungwa bandeji, Bibi alimfunga na Kulwa mguu ule ule, na Kulwa akachechemea hadi Doto alipopona. Sisi tulicheka. Hakuna aliyekaa akawaza kwamba mkono uliofunga bandeji mbili ndio tulioukabidhi dawa.

"Hakuna aliyeuza," Constantine akasema taratibu. Hakuwa anamwambia mtu.

Nilikuwa nimegeukia upande wa Bibi, na maneno yangu yalikuwa ya moto. "Bibi! Mtoto mgonjwa ni mmoja! Umesikia wapi dawa ya mgonjwa anapewa mzima? Unataka kutuulia—"

"Masunga." Daktari hakupaza sauti. "Nyamaza kidogo."

Akapiga goti kwenye pamba ili macho yake na ya Bibi yalingane. Akamweleza, pole pole, nami nikatafsiri nikiwa nimekaza meno. Kwamba dawa hii inapunguza walinzi wa mwili walio kwenye damu. Kwamba Kulwa anapewa kwa kupimwa, ikizidi inapunguzwa, na faida anayoipata inazidi hatari. Kwamba Doto hana ugonjwa wa kutibiwa, kwa hiyo yeye anabaki na hatari peke yake. Akamwomba Doto afungue mdomo. Ndani ya mdomo kulikuwa na vidonda.

"Hivyo ni vya ukwaju," Bibi akasema. "Anakula ukwaju kama mbuzi."

"Naomba nimpime damu, Bibi. Nione kama ni ukwaju."

Bibi akaruhusu. Constantine akafungua boksi, akatafuta mshipa. Doto akakunja uso lakini hakulia.

"Na Kulwa?" Bibi akauliza.

"Kulwa tumemtoa damu asubuhi, Bibi," Constantine akajibu.

"Chupa ngapi?"

"Moja."

"Na huyu?"

"Moja, Bibi."

"Haya. Endelea."

Constantine alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nusura tucheke pamoja.

Lakini Daktari aliposema kwamba kuanzia kesho kidonge kizima ni cha Kulwa, na Doto asipewe hata punje, Bibi alikunja kitambaa chake akakiweka magotini.

"Hapana," akasema.

"Bibi—"

"Wewe umesoma, ng'wanone, nami nakuheshimu. Lakini mimi nilizaa mapacha kabla ya kumzaa baba yake huyu Masunga. Maziwa yangu yalikuwa hayatoshi. Wakaniambia mnyonyeshe aliye dhaifu, mwenye nguvu mpe ya ng'ombe. Nikasikiliza. Mwenye nguvu alitangulia, na yule dhaifu akamfuata. Nilibaki na mikono miwili mitupu." Akaionyesha. "Leo mnaniambia nimpe dhaifu, nimnyime mwenye nguvu. Maneno yale yale. Mnataka niyasikilize mara ya pili?"

Nilitafsiri hilo lote na sauti yangu haikuwa na moto tena. Sikuwa nimewahi kulisikia. Nina hakika baba pia hajui.

Daktari Specioza hakutoa somo. Alisema tu, "Pole, Bibi," na akabaki pale amepiga goti, pamba imemganda kwenye sketi.

Ndipo mama akaingia na beseni la samaki kichwani. Aliona gari, aliona Daktari amepiga goti, akadhani Kulwa amekufa. Beseni lilianguka. Nilimkimbilia nikamwambia ni mzima, yuko pale, mwone, kisha nikamweleza yaliyotokea. Mama hakumgombeza mama mkwe wake. Alimtazama Daktari tu. "Msimtoe," akasema. "Daktari, nakuomba. Msimtoe mwanangu."

Jibu halikutoka kwa mtu mzima. Aliyesema ni Doto.

"Mi siitaki," akasema, akinyooshea kidole kitambaa cha Bibi. "Chungu. Na inaniwasha mdomo." Akakifungua kitambaa magotini mwa Bibi, akachukua nusu yake, akamwekea Kulwa kiganjani. "Shika. Yako."

Kulwa akatazama. "Yote?"

"Yote. Na ya kesho. Ila ukoko wa ugali uniachie mimi."

"Ukoko tugawane."

"Basi rudisha."

"Haya chukua ukoko!"

Bibi alikuwa amewatazama bila kupepesa. "Rudia," akamwambia Doto.

"Nini?"

"Ulichofanya. Mpe tena, nione."

Doto akachukua kile kipande kiganjani mwa Kulwa, akakirudisha tena pale pale, kwa ukali wa mtoto anayeonewa. Bibi akavuta pumzi ndefu.

"Hajanyimwa," akasema, na hakuwa anatuambia sisi. "Ametoa. Aliyetoa hajanyimwa."

Akamgeukia Daktari. "Kila asubuhi kidonge nitakiweka kwenye mkono wa Doto. Doto atampa mwenzake. Hivyo naweza."

"Hivyo ni sawa kabisa, Bibi," Daktari akasema. Akavichukua vile vipande viwili, akaagiza watoto wote wanawe mikono kwa sabuni, na Bibi naye anawe, na wembe utupwe. "Kesho kizima. Kisikatwe."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Bado nilikuwa na hofu moja. "Daktari, haya ya leo si lazima uyaandike. Wakubwa zako wakijua tulikata dawa watamtoa Kulwa. Acha iwe siri yetu. Kesho ataanza vizuri, damu itapanda, nani atauliza?"

"Nitayaandika yote, Masunga."

"Kwa hiyo unamtoa wewe mwenyewe!"

"Sikiliza. Nikificha, damu ya Kulwa ya miezi yote hii itahesabiwa kama ya mtoto aliyekunywa kidonge kizima. Watu watasema, kumbe kidonge kizima kinafanya kidogo hivi. Mtoto mwingine huko Maswa, huko Lamadi, ataongezewa kipimo kwa sababu ya uongo wetu. Wewe ungekubali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama Constantine aliyekuwa anafunga boksi, nikamtazama mama anaokota samaki kwenye pamba. "Andika," nikasema. "Lakini andika na hili: kwamba hatukuuza."

"Hilo nitaliandika mimi," Constantine akasema. "Na nisamehe, kaka."

Safari hii nilimwacha aniite kaka.

Tukangoja. Majibu ya Doto yalitangulia: walinzi wake wa mwili walikuwa wameshuka, haukuwa ukwaju. Alipimwa tena na tena hadi walipopanda, vidonda vikapona, na mistari kwenye kucha ikaanza kusukumwa nje kadiri kucha zilivyokua. Kila asubuhi alisimama mlangoni kama mwenyekiti wa kijiji, kiganja wazi, akipokea kidonge kutoka kwa Bibi na kumkabidhi dada yake, na hakukubali kunywa uji kabla hajaona kimemezwa. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, nenda." Siku aliyokuwa na homa ya malaria alitoa amri akiwa kitandani.

Kisha Daktari akapiga simu. Wenzake walikaa, wakabishana, wakaamua miezi ile ihesabiwe peke yake, na Kulwa aanze upya. Hakutolewa. Na kuanzia hapo kila familia inayoingia kwenye utafiti, Bariadi na kwingineko, inaulizwa swali ambalo halikuwepo: mtoto huyu ana pacha? Na kama anaye, anayetoa dawa atafanyaje? Daktari alisema walikwisha kupata nyumba nyingine yenye wembe kama wetu.

Nilipomweleza Bibi, aliuliza, "Na hao wenye wembe wamesoma?"

"Wamesoma, Bibi."

"Kumbe," akasema, akaendelea kuchambua pamba.

Baridi ya mwaka huu ilikuja na upepo unaokausha midomo. Mama alikuwa ametoa blanketi zote mapema, ameweka maji ya moto kwenye chupa, anamfuata Kulwa kama kivuli. Tulisubiri kilio. Tulilala tukisubiri. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta Kulwa juu ya marundo ya pamba na Doto, wanasukumana waone nani ataanguka, na aliyeanguka alikuwa Doto. Mashavu yalikuwa yamemjaa. Nilizima pikipiki nikasimama pale nikiwaangalia, na nilipoona macho yananilowa nilivaa helmeti.

Bibi akachagua jogoo. Mkubwa, mwekundu, yule ambaye baba alikwisha kukataa asiuzwe. Akamfunga miguu, akaniagiza nimpeleke Somanda kwa binti wa ndizi. Nilimbeba kwenye pikipiki hadi mlangoni kwa Daktari, na Daktari akafunga mikono nyuma.

"Siwezi kupokea, Masunga. Sheria za utafiti. Hatupokei zawadi kwa familia."

"Hata jogoo?"

"Hata yai."

Nilirudi naye. Bibi alivimba. "Sheria gani inayomkataza mtu kushukuru? Mtu ananirudishia mtoto, nami nikae tu kama gogo? Kamwambie kama hamchukui jogoo, basi jogoo atamngoja hapa. Sheria yake inakataza kutembelea wagonjwa?"

Haikukataza. Walikuja siku ya kupima, Daktari na Constantine, na walipomaliza kazi wakakuta mkeka umetandikwa, ugali umepakuliwa, na jogoo ameshakuwa mchuzi. Bibi alisimama mlangoni na mwiko. "Hii si zawadi," akaniambia nitafsiri. "Ni saa ya kula. Anayeondoka kwangu saa ya kula ananitukana."

Daktari Specioza alimtazama Constantine. Constantine alitazama mchuzi. Wakakaa.

Mimi ndiye niliyekuwa nagawa nyama. Firigisi kwetu huliwa na mwenye nyumba, na baba akiwa kwenye malisho mwenye nyumba ni mimi. Niliitafuta kwenye sufuria, nikaipata, nikaiweka kwenye sahani ya Constantine.

"Kula," nikamwambia, "kabla sijabadilisha mawazo."

Akala. Bibi akamkaribia Daktari, akamshika mikono yote miwili, na safari hii hakunisubiri nitafsiri.

"Wabeja," akasema. "Wabeja, wabeja."

"Wabeja, Bibi," Daktari akajibu, na Doto na Kulwa, upande wa pili wa mkeka, wakaanza kugombania ukoko.